Ubao Usiofuta na Ubao Usiokumbuka

Sogeeni karibu, na mwenye haraka zake aondoke sasa hivi. Hii ya leo nikiifikisha mwisho sitaki kuona mtu anainuka kimyakimya akikung'uta nguo. Kila mmoja atanipa neno lake, mkubwa kwa mdogo.

Mto Ngerere ulipofurika na kulizoa bonde zima, watu walitawanyika kambi nne: Shule ya Kitonga, Ginneri iliyokuwa kiwanda cha kuchambua pamba, Zahanati ya Kilimani, na Ghala la Mpunga kule chini. Watu walipotezana vibaya. Mume yuko huku, mke yuko kule, watoto hawajulikani walipo. Ndipo pale Shule ya Kitonga wakajitolea mafundi wawili wa kompyuta, kila mmoja na skrini yake kubwa, wakasema tutawaonyesha watu wenu walipo.

Wa kwanza ni Fundi Mashaka, mtu wa miaka hamsini na ushee, zamani alikuwa akitengeneza redio. Huyu alikuwa mtu wa amri. Ubao wake wa majina aliuendesha hatua kwa hatua: jina hili weka hapa, lile lihamishie kule, hili lifute, hili lipake nyekundu. Ubao ulifanya alichoambiwa, na ambacho hakuambiwa haukufanya. Mtu akija kusema, "Fundi, mwanangu ana kovu kidevuni, niandikie," Mashaka hakumuuliza mara mbili. Alilichomeka neno hapohapo pembeni ya jina, likakaa. Na likishakaa limekaa, mpaka yeye mwenyewe aamuru litoke.

Wa pili ni Anyisile, binti wa miaka ishirini na sita, sauti ndogo, macho makali. Huyu alikuwa mtu wa kanuni. Ubao wake hakuugusa hata kwa ncha ya kidole. Alikuwa na daftari moja ndani ya kompyuta, makarani wa kambi zote wakilijaza kwa simu: jina, umri na kambi, hayo tu. Kisha aliandika kanuni moja tu, kwamba daftari likiwa hivi, ubao uonekane hivi. Likibadilika herufi moja, ubao wote unachorwa upya toka juu hadi chini, kufumba na kufumbua. Hakuna kuhamisha, hakuna kufuta.

"Mimi siuambii ubao ufanye nini," alikuwa akisema. "Nauambia uwe nini."

"Na mimi nauambia, unanisikia," Mashaka humjibu. "Wako unamsikiliza nani? Hata binadamu akiuomba neno moja hautaki!"

"Wako unasikia sana, Mzee Mashaka. Tatizo unasikia na uwongo."

Basi wakawa hivyo, wanataniana huku wamenuna. Siku za jua skrini zote mbili ziliwaka. Kisha wingu likatanda, paneli za sola zikawa mapambo, na betri ikabaki na nguvu ya kuwasha skrini moja tu. Wakagawana: asubuhi wa Mashaka, jioni wa Anyisile. Kamati ya waliopotelewa, watu watano, ikaambiwa ichague ubao mmoja ubaki moja kwa moja. Wawili wakamtaka Mashaka. Wawili wakamtaka Anyisile. Wa tano alikuwa mwanamke anaitwa Sikudhani, naye hakuwa na kichwa cha kupiga kura, maana alikuwa akimtafuta mwanawe.

Mwanawe ni Tausi, miaka mitano. Siku ya maji walikuwa wameshikana mikono juu ya bati la nyumba. Mwenye boti akasema nafasi imebaki ya mtoto tu, mama atapanda inayofuata. Sikudhani akauachia mkono. Yeye mwenyewe aliuachia, hakupokonywa, na jambo hilo lilikuwa likimla ndani. Kila akikaa alikuwa akiufungua mkono wake wa kulia na kuutazama, halafu anaufunga.

Asubuhi ya tatu ubao wa Mashaka ukaandika: Tausi Mbaraka, miaka mitano, Ginneri.

Sikudhani alipiga ukelele mpaka watu wakadhani ameumwa na nyoka. Hakunywa hata uji. Saa nne nzima alitembea kwenye tope linalofika magotini, akiimba jina la mwanawe kwa sauti ya chini. Alipofika Ginneri, karani akaangalia karatasi zake, akatikisa kichwa.

"Huyu tulimpeleka zahanati ya Kilimani jana, mama. Alikuwa na homa. Mbona taarifa tuliituma?"

Taarifa ilikuwa imetumwa kweli. Mashaka aliipata, akaamuru jina liandikwe chini ya Kilimani, ukurasa wa pili, ambao Sikudhani hakuusubiri uje. Amri ya kulifuta kule Ginneri ndiyo aliyoisahau. Watu mia tisa, amri elfu kadhaa, macho mawili yasiyolala. Alisahau.

Sikudhani akarudi na saa nne nyingine za tope. Aliingia darasa la tano, zilikokuwa skrini, miguu imevimba, akamkuta Mashaka ameketi.

"Umenipeleka wapi, kaka?" alimuuliza. Hakupaza sauti. "Mwanangu ana homa Kilimani, mimi umenipeleka Ginneri. Siku nzima! Unajua siku nzima ya mtoto mwenye homa ni kitu gani?"

Mashaka alivua kofia, akaishika mapajani.

Jioni ile skrini ya Anyisile ikawashwa. Jina lilikuwa moja, mstari mmoja, safi kabisa: Tausi Mbaraka, Kilimani. Sikudhani akambusu Anyisile mikononi. Akalala hapohapo sakafuni chini ya ubao, na kulipopambazuka akatoka.

Kilimani akampokea muuguzi mchovu. Muuguzi alifungua kitabu, akafunga, akafungua tena.

"Mtoto alipona, dada. Jana jioni kaja shangazi yake kamchukua."

"Shangazi gani? Baba yake Tausi alizaliwa peke yake!"

"Mtoto alimkimbilia mwenyewe akamkumbatia. Sasa mimi ningefanyaje?"

"Anaitwa nani? Wameelekea wapi?"

Muuguzi hakujua. Siku ile walikuwa wameruhusu watu sitini.

Sikudhani alirudi Kitonga hajui amepita njia gani. Akasimama mbele ya ubao wa Anyisile, jioni ya nne, akasoma majina toka juu hadi chini. Akasoma tena. Tausi hakuwepo. Si Ginneri, si Kilimani, si popote. Zahanati ilikuwa imemtoa mtoto kwenye daftari kwa kuwa ameondoka, na daftari lilipobadilika ubao ukajichora upya bila yeye. Hapakuwa na mkwaruzo wala alama kwamba palikuwa na mtoto.

Na ninyi mjue kitu kimoja: waliokufa nao walitolewa kwenye daftari vivyo hivyo. Kambi nzima ilijua hilo. Wanawake waliokuwa karibu na Sikudhani wakaanza kushika vichwa.

"Mwandike!" alimwambia Anyisile. "Mwandike basi hata jina tu. Andika kwamba alikuwepo!"

"Mama Tausi, siwezi kuandika kwenye ubao. Ubao unaonyesha daftari. Nikiandika uwongo kwenye daftari..."

"Mwanangu ni uwongo?"

Machozi yalimshuka Anyisile, akaendelea kuitazama kanuni yake, ambayo haikuwa na kosa hata moja.

Hapo ndipo Sikudhani aligeuka akawatazama mafundi wote wawili, mbele ya kamati, mbele ya watu wote darasani, akaweka nadhiri.

"Nisikilizeni. Mmenitesa nyote wawili. Mmoja kanipeleka asipokuwepo, mwingine kamfuta kama hakuzaliwa. Lakini naapa mbele ya Mungu, yeyote kati yenu atakayenirudishia Tausi, kura yangu ni yake. Ubao wake ndio utakaobaki. Nisipotimiza, Mungu anichukulie mtoto wangu mara ya pili."

Watu wakaguna. Nadhiri ya namna ile haiwekwi hivihivi. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Ndunguru, alitaka kumzuia, akachelewa.

Kesho yake saa mbili asubuhi ikawashwa skrini ya Mashaka. Sikudhani hakuwa na nguvu ya kusimama, alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Alisoma kwa mazoea tu. Na pale Ginneri, mahali palepale pa uwongo uliomla siku nzima, jina la Tausi lilikuwa bado lipo. Mashaka alikuwa amesahau kulifuta kwa siku ya nne sasa. Pembeni yake palikuwa na neno dogo ambalo alipoliona jina mara ya kwanza, kwa furaha, hakulisoma: mtoto huyu hamwachii Bi Chausiku wa Mkocho, aliyempakata kwenye boti.

Sikudhani alisimama, dawati likaanguka.

"Kaka Mashaka! Hili neno nani kaliandika?"

"Mtu wa Ginneri alinipigia simu siku ile ya pili, nikalichomeka." Mashaka alijisogeza, akafuta miwani. "Chausiku. Mtoto alimkimbilia mwenyewe, si ndivyo alivyosema muuguzi? Ndiye huyo shangazi."

"Yuko wapi?"

Mashaka akatafuta. Na uso wake ukaanza kuharibika. Chausiku wa Mkocho alikuwepo Ginneri. Alikuwepo Kilimani. Alikuwepo Ghala la Mpunga. Mahali patatu, majina matatu, yote yanang'aa sawasawa, na Mashaka mwenyewe hakujua lipi ni la leo na yapi mawili alisahau kuyafuta.

"Subiri nikumbuke," alisema, amejishika kichwa. "Subiri kidogo, mama, nitakumbuka."

"Leo saa sita watu wa Ghala wanavushwa ng'ambo," Mwalimu Ndunguru alisema polepole. "Wanachukuliwa na jamaa zao, kila mtu mji wake. Wakishavuka hakuna anayewaandika tena."

Kutoka hapo Ginneri ni mwendo wa saa nne, Kilimani mwendo wa saa tatu, Ghala nako saa tatu, na kila moja upande wake. Kuchagua ni kimoja tu, na akikosea amekosa.

Mashaka alitazama ubao wake. Darasani walikuwepo watu zaidi ya thelathini wanasoma majina ya watu wao, zamu yao ilikuwa mpaka mchana. Akanyoosha mkono, akachomoa waya wa skrini yake mwenyewe.

"Chomeka wako," alimwambia Anyisile. "Haraka, binti."

Watu wakapiga kelele. Anyisile alichomeka. Skrini ikawaka, kanuni ikachora kila kitu upya kutoka kwenye daftari la dakika ileile. Chausiku wa Mkocho alikuwa mmoja, mstari mmoja: Ghala la Mpunga. Chini yake: mtoto wa kike, mmoja, miaka mitano. Jina la mtoto halikuwepo.

Sikudhani hakusubiri kusoma mara ya pili.

Njiani alianguka mara nyingi. Kandambili zote mbili zilibaki kwenye tope. Alikuwa akizungumza na mkono wake wa kulia, akiuambia safari hii usiachie, safari hii usiachie. Alipoteremka kilima cha mwisho aliona boti mbili zimejaa na ya tatu inapakiwa. Hakuwa na sauti ya kuita jina. Mtoto ndiye aliyemwona kwanza.

"Mama, umechelewa!" Tausi alisema, tena kwa hasira.

Mwanamke aliyempakata, Bi Chausiku, alikuwa mguu mmoja majini na mwingine kwenye boti. Alimtazama Sikudhani, akamtazama mtoto, na akajua.

"Nilidhani hana mtu," alisema. "Wangu wawili walichukuliwa na maji, dada. Huyu alining'ang'ania. Nilidhani Mungu kanibakishia." Akamshusha mtoto taratibu, akapanda boti mikono mitupu. Sikudhani akamshika mwanawe mkono, na boti ikaondoka.

Haya. Mngependa niishie hapo, najua. Mama kampata mwanawe, tupige vigelegele twende zetu. Lakini mmeisahau nadhiri?

Kesho yake kamati ilikaa darasa la tano. Skrini zote mbili zilikuwa giza, betri ikingoja kujua itamlisha nani. Sikudhani aliketi mbele, Tausi amemlalia mgongoni ndani ya khanga.

Mwalimu Ndunguru alianza na Mashaka. Mashaka alisimama, kofia mkononi.

"Mama Tausi, mimi nilikukosea na sitakataa. Lakini jina la Chausiku lilikuwa wapi dunia nzima? Kwenye daftari la binti huyu halikuwahi kukaa pembeni ya jina la mwanao. Kwake mtoto alishafutika, habari imekwisha. Ubao wangu haukumfuta. Neno lililokupa njia lilikaa kwangu kwa sababu mimi naruhusu neno likae. Bila mimi ungekuwa umeshaanza matanga."

Kisha Anyisile, bila kuinua macho.

"Mama Tausi, mimi nilikuumiza jioni ile, na nitaikumbuka mpaka nife. Lakini Mzee Mashaka alikupa Chausiku watatu. Ungemfuata wa Ginneri, saa hizi Tausi angekuwa mji usioujua, kwa jina usilolijua. Ubao wangu ulikupa mmoja, na ndiye aliyekuwa kweli. Neno alilokutunzia yeye lilikaa pale kwa bahati, kwa sababu alisahau. Langu halikuwa bahati."

"Bahati ndiyo iliyomwona mtoto!" Mashaka alisema.

"Na ikamtupa siku ya kwanza," Anyisile akajibu.

Ninyi hapo nyuma mnanong'ona, nawasikia. Mnasema si wachanganye tu. Hata Mwalimu aliwauliza hivyo. Anyisile alisema angeweza kuongeza nafasi ya maneno kwenye daftari, lakini makarani wa kambi zote waanze kuandika upya kila mtu, siku saba, na kambi zilikuwa zinafungwa baada ya siku nne. Mashaka aliulizwa kama ataweza kuacha kusahau. Alifikiri kwa unyoofu kabisa, akasema, "Nikikuahidi hilo, Mwalimu, nitakuwa nakudanganya." Kwa hiyo changanya haipo, ifuteni vichwani.

Walikuwa wamebaki watoto arobaini na mmoja ambao hawajapatikana.

Upande wa kushoto wa Sikudhani alisimama Bi Semeni. Mwanawe ana mwaka na nusu, hajui kutaja jina lake, na kambini aliko hakuna karani anayeweza kumwandika jina. Kinachomtambulisha ni alama nyeusi nyuma ya sikio. Kwenye daftari la Anyisile alama haina pa kukaa. Bi Semeni alimshika Sikudhani kwenye kiwiko.

"Mwenzangu," alisema, "wangu ataonekana kwa neno tu. Usiuzime ubao wenye maneno."

Upande wa kulia alisimama Mzee Hiari, babu anayetafuta wajukuu wawili. Kwenye ubao wa Mashaka wapo kambi zote nne. Alikuwa ameshazifuata mbili bure, na nyayo zake zilikuwa zimefungwa vitambaa vilivyoloa. Hakumshika Sikudhani. Alimwonyesha miguu tu.

"Binti yangu, nimebakiza safari moja," alisema. "Miguu hii haina mbili. Niambie ukweli ulipo niende."

"Mama Tausi," Mwalimu Ndunguru alisema. "Kura yako."

Sikudhani alipeleka mkono wa kulia nyuma, akaugusa mguu wa mwanawe kuhakikisha kwamba upo. Alikuwa ameapa kura iwe ya aliyemrudishia mtoto. Aliyemtunzia jina ni mmoja, aliyemwonyesha mahali ni mwingine, na wote wawili walishampoteza mara moja kila mmoja. Mungu amesikia kiapo, darasa zima limesikia, na mkono wa kupiga kura ni huohuo mmoja, ule uliowahi kuachia. Akauinua. Haujaelekea popote.

Mimi nauacha hapo juu, hewani. Sasa ninyi. Kura ni ya nani, ya aliyesahau kufuta au ya asiyekumbuka? Semeni apewe ubao, au Hiari? Anza wewe hapo mbele. Ila kabla hujamtaja mmoja, mgeukie kwanza yule unayemnyima, mtazame machoni, umwambie wewe mwenyewe kwa nini.